Jiko Lililolipa Mishahara

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliteremka mjini wamevaa majoho yao ya kisomi, wakaandamana hadi Ikulu. Kilichowakera kilikuwa mshahara. Serikali ilikuwa imepanga kwamba kila mhitimu apitie Jeshi la Kujenga Taifa, na akishatoka kambini afanye kazi aliyosomea kwa miezi 18 huku akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wa kazi hiyo. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawatimua chuoni zaidi ya 300 kati yao. Kisha akaigeukia mishahara ya wakubwa, akaanza na wake mwenyewe: aliukata kwa asilimia 20, na ya mawaziri na watendaji wa juu ikafuata.

Siku hiyo inastahili kukumbukwa, kwa kuwa ni nadra serikali kubana matumizi kwa kuanzia kwenye meza ya mkubwa. Waliokuja kukatwa baadaye, kwa miaka zaidi ya 20, hawakuwa na meza ya kupunguza. Walikuwa walimu, wauguzi, makarani, madereva, wahudumu wa ofisi na walinzi wa usiku.

Miezi mitatu tu baada ya maandamano yale lilitangazwa Azimio la Arusha, na ndani yake miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Miiko hiyo haikuwabana mawaziri peke yao. Iliwashukia hata watumishi wa serikali wa ngazi za kati na za juu. Na kulikuwa na jambo moja ambalo wengi walilisoma haraka wakalipita: kiongozi alihesabiwa pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Mume akiwa mtumishi wa cheo, biashara ya mke ilikuwa biashara ya mume.

Maana yake ni kwamba dola ilichungulia ndani ya nyumba, ikahesabu, ikaona mshahara mmoja unatosha. Kwa hesabu za wakati ule haikukosea. Mshahara wa serikali ulikuwa kitu. Ulilipa kodi ya nyumba ya Shirika la Nyumba, ukanunua sukari, khanga na mafuta ya taa, ukabaki wa kumtumia mama kijijini na wa kumshonea mtoto sare. Uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 1976/77 ulionyesha kuwa kiasi cha asilimia 77 ya mapato ya kaya za wafanyakazi mijini kilitokana na ujira. Mke wa karani aliweza kuuza vitumbua akipenda, lakini fedha ile ilikuwa yake ya kitenge na ya mchezo wa upatu. Mwezi haukuitegemea.

Kabla ya miaka kumi kupita, hesabu hiyo iligeuka juu chini.

Mambo yalianza kwenda mrama mwaka 1973. Bei ya mafuta ilipanda duniani, na ukame wa 1973 na 1974 ukailazimu nchi kununua nafaka nje kwa fedha za kigeni ilizokuwa ikizihitaji kwa vipuri na dawa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na pamoja nayo reli, ndege, posta na bandari zilizokuwa zikiendeshwa kwa ubia. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Tanzania iliyarudisha, ikasonga mbele, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ushindi ule ulikuwa wa haki, lakini bili yake, inayokadiriwa kufika dola milioni 500, ililipwa na nchi ambayo hazina yake ilishakauka.

Mwishoni mwa 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyewahi kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alikaa na wajumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Walitaka shilingi ishushwe thamani, mishahara izuiwe, ruzuku ziondolewe na matumizi ya serikali yapunguzwe. Mtei aliona hakuna pa kukimbilia. Nyerere alikataa katakata. Mtei akaandika barua ya kujiuzulu, akaondoka. Salamu za mwaka mpya ambazo Nyerere aliwapa mabalozi muda mfupi baadaye zilivuma dunia nzima: aliuliza ni lini IMF iligeuka kuwa wizara ya fedha ya mataifa yote.

Wapo hadi leo wanaomlaumu Nyerere kwa msimamo ule, na wapo wanaomsifu. Kwa mfanyakazi wa kawaida ubishi huo unaficha jambo la msingi: panga lilikuwa limeshaanza kumkata wakati wakubwa bado wanabishana iwapo linolewe. Serikali ina njia ya kumpunguzia mtumishi mshahara bila kugusa tarakimu hata moja kwenye karatasi yake ya malipo. Inauacha mshahara pale pale, bei inapanda. Katika miaka ya 80 mfumuko wa bei nchini ulikuwa ukizunguka asilimia 30 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kila baada ya miaka mitatu bei inazidi maradufu. Mwalimu aliyeajiriwa mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, mtoto huyo alipoanza darasa la kwanza baba alikuwa analipwa, kwa vipimo vya sokoni, sehemu ndogo tu ya alichoanza nacho. Hakuna barua aliyoandikiwa wala kikao alichoitwa.

Aili Mari Tripp, mtafiti aliyeishi Dar es Salaam miaka hiyo akizunguka Manzese na Buguruni kuwahoji watu nyumba kwa nyumba, alikuja kuandika kwamba kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya ujira nchini iliporomoka kwa asilimia 83. Shilingi 100 zikabaki 17. Na alikuta kwamba kiasi cha tisa ya kumi ya mapato ya kaya za mjini sasa kilitoka nje ya mshahara, kwenye shughuli ambazo kila mtu aliziita kwa neno moja: miradi.

Neno hilo lina historia yake. Mradi, katika lugha ya serikali ya miaka ya 60 na 70, lilikuwa jambo kubwa: kiwanda cha nguo, bwawa la umeme, shamba la ngano. Watu wakalichukua, wakaliteremsha jikoni. Karai la maandazi likawa mradi. Kuku 50 nyuma ya nyumba, mradi. Friji la zamani lililogandisha barafu za ukwaju, mradi. Mlimani, wahadhiri wa chuo kikuu walifuga kuku wa mayai. Kwenye maeneo ya maofisa, ng'ombe wa maziwa waliletewa majani kwenye mikokoteni. Muuguzi alitoka zamu ya usiku akakaa kwenye cherehani. Gari la ofisa likawa teksi bubu jioni. Jiji lenyewe likapewa jina jipya, Bongo, kwa kuwa anayeishi humo anaishi kwa ubongo wake.

Tuingie katika nyumba moja ya walimu, mfano wa maelfu ya nyumba za namna ile. Usiku, watoto wakishalala, mama anachekecha unga wa ngano kwa mwanga wa kibatari. Anatwanga iliki, anachanganya hamira na maji vuguvugu na sukari aliyoipata kwa kupanga foleni, anakanda mpaka mabega yanauma, kisha anafunika beseni kwa khanga na kuliacha donge liumuke. Saa kumi alfajiri ameshawasha mkaa. Anasukuma, anakata pembetatu, anatumbukiza. Andazi linazama, linaibuka, linageuzwa kwa kijiti. Jua likichomoza ndoo ya plastiki imejaa na kufunikwa. Mumewe hunywa chai ya rangi, lakini hali andazi, maana kila andazi analokula ni sarafu iliyotoka katika bajeti ya mboga.

Mama huyo naye ni mwalimu. Saa moja na nusu yupo mstarini na wanafunzi. Saa nne, kengele ya mapumziko ikigongwa, watoto wanamjia na sarafu mkononi, “Shikamoo, mwalimu,” naye “marahaba,” na mkono ulioshika chaki unafunua ndoo. Asiye na sarafu anaandikwa kwenye daftari. Kengele ya pili ikilia, ndoo inafungwa na hesabu za sehemu zinaendelea ubaoni.

Wakaguzi wa elimu walilalamika kwamba walimu wamegeuza shule soko. Ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini hebu tazama fedha ilivyokuwa ikizunguka. Mshahara wa mwalimu haukumfikisha hata katikati ya mwezi. Kilichomfanya arudi darasani tarehe 15, tarehe 20, tarehe 28, kilikuwa ile ndoo. Karai la jikoni ndilo lililokuwa likimlipa mwalimu ili aendelee kuifanyia kazi serikali, na mnunuzi wa andazi alikuwa mtoto wa mkulima. Serikali iliandika kwenye vitabu vyake kwamba elimu ya msingi inagharimu kiasi fulani. Gharama za unga, mkaa, iliki na usingizi wa mama hazikuandikwa popote.

Badala ya kuwashukuru watu wa miradi, kwanza dola iliwakamata. Machi 1983 ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ikisimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Walanguzi walikuwepo kweli, na wananchi wengi walimshangilia Sokoine kwa moyo safi, maana sabuni zilizoadimika madukani zilikutwa zimefichwa kwenye maghala na hata kutupwa mitaroni usiku na waliokuwa wakiogopa msako. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya nguvu kazi, na mijini ukaanza msako wa watu wasio na kazi inayotambulika. Muuza karanga aliyejilisha na kuisomesha familia nzima alihesabiwa mzururaji, na kupakiwa lorini kupelekwa shamba. Aliyekaa ofisini bila karatasi wala wino alihesabiwa mfanyakazi.

Mwaka huo huo, hata hivyo, serikali ililegeza mahali pengine. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilikuwa na mabasi machache yanayotembea, kwa hiyo watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo vijana waliiita dala, na makondakta waliopiga kelele za “dala, dala” wakaupa usafiri wa mji mzima jina lake. Baadhi ya mabasi hayo ya kwanza yalikuwa mali ya watumishi wa umma, ingawa majina yao hayakuonekana kwenye kadi za magari. Miiko ya Arusha ilikuwa bado hai.

Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, ndiyo iliyovunja ukimya. Ruzuku ya sembe iliondolewa. Shilingi ikashushwa thamani hadi 17 kwa dola moja. Kodi ya maendeleo ikarejeshwa, na wazazi wa sekondari wakaanza tena kudaiwa ada. Waliokuwa na fedha zao nje waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipataje, na mitumba, ambayo watu waliibatiza kafa Ulaya, ikamiminika. Kima cha chini cha mshahara kilipanda kutoka Sh 600 hadi Sh 810, nyongeza ya asilimia 35. Ukiisikia peke yake redioni ilikuwa habari njema. Ukiipeleka kwenye kibaba cha unga, ilikuwa imeliwa kabla haijapokelewa.

Wanaokumbuka wakati ule wanakumbuka unga wa njano, mahindi ya msaada kutoka Marekani, ambao watani wa mpira waliuita unga wa Yanga. Ugali wake haukupendwa. Ulilika.

Mwaka 1985 serikali ikapunguza wafanyakazi wake zaidi ya 12,000. Novemba 1985 Nyerere akang'atuka, Ali Hassan Mwinyi akashika nchi, na mwaka 1986 makubaliano na IMF yakatiwa saini. Kwa shilingi ilikuwa kama kuachia ngazi: mwishoni mwa 1986 dola moja ilihitaji zaidi ya Sh 50, mwishoni mwa 1990 karibu Sh 200, na kufikia 1995 zaidi ya Sh 550. Bidhaa zilirudi madukani. Sabuni, dawa ya meno, betri, bia, vyote vilionekana, na mtu hakuhitaji tena ndugu wa dukani ili apate kilo ya sukari. Hilo ni jambo jema na halina budi kutajwa. Ila karani aliyekuwa na fedha bila vitu, sasa alikuwa na vitu bila fedha. Wananchi walimwita rais wao Mzee Ruksa. Na ruksa ambayo watumishi wa umma waliisubiri kuliko zote ilitoka Februari 1991, pale Halmashauri Kuu ya chama tawala, CCM, ilipokutana Zanzibar na kulegeza miiko ya uongozi. Mishahara miwili, ruksa. Nyumba ya kupangisha, ruksa. Hisa, ruksa.

Uamuzi huo, unaojulikana kama Azimio la Zanzibar, huzungumzwa zaidi kama mazishi ya ujamaa na mlango uliofunguliwa kwa wakubwa wenye uroho. Ulikuwa hivyo pia. Lakini ukiutazama kutoka jikoni, unaona chama kikikiri kwa kuchelewa kile ambacho wake wa watumishi walikuwa wanakijua kwa miaka kumi: mshahara mmoja haulishi nyumba. Dola iliyoingia ndani ya ndoa za watu mwaka 1967 na kuhesabu, ilitoka kimya kimya mwaka 1991, hesabu haijakamilika.

Huko ofisini nako mambo yalikuwa yamebadilika sura. Koti lilining'inia kwenye mgongo wa kiti kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, mwenyewe hayupo. Yuko Kariakoo anatafuta chakula cha kuku. Mkuu wake hakumuuliza, kwa kuwa na yeye alikuwa safarini kufuatilia matofali. Ikaja enzi ya semina. Kwa kuwa mshahara haukuweza kupandishwa bila kuwaudhi wakopeshaji, fedha zilipitia mlango wa nyuma kwa jina la posho: posho ya kikao, posho ya safari, posho ya mazingira magumu. Ofisa aliyejua kupanga warsha tatu kwa mwezi aliishi. Mwalimu wa kijijini, asiyealikwa semina, alibaki na ndoo yake.

Kwa wengine mlango wa nyuma ulikuwa mkono wa mwananchi. Kitu kidogo kikaingia kwenye faili, kwenye kitanda cha hospitali, kwenye kituo cha polisi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Joseph Sinde Warioba, iliyotoa taarifa yake mwishoni mwa 1996, iliyatenga makundi mawili bila kuyachanganya: wadogo wanaopokea kwa kuwa mapato hayakidhi maisha, na wakubwa wanaopokea kwa tamaa ya mali wasiyoihitaji. Tume haikumsafisha yeyote. Lakini kuandika waziwazi kwamba ujira duni ni mzazi mmojawapo wa rushwa, katika taarifa ya serikali yenyewe, kulihitaji ujasiri, na wasomaji waliojua bei ya unga waliielewa.

Lakini kabla ya tume hiyo, panga lenyewe lilikuwa limeshashuka.

Programu ya kurekebisha utumishi serikalini ilizinduliwa mwaka 1991, na upunguzaji ukashika kasi kuanzia 1992. Wakati huo serikali ilikuwa na watumishi wapatao 355,000. Hatua ya kwanza, ya kuwasaka wafanyakazi hewa, ilikuwa ya haki kabisa: majina ya waliokufa, waliohama na wasiopata kuwepo, yote yakivuta mshahara, yalifutwa kwa maelfu. Hatua ya pili iliwaangukia walio hai. Walimu na wahudumu wa afya hawakuguswa sana. Waliopunguzwa kwa wingi walikuwa watu wa ngazi za chini, tarishi, madereva, wapishi, watunza bustani, makarani wa masijala, ambao mishahara yao ilikuwa midogo kiasi kwamba ilibidi kuwaondoa maelfu ili akiba ionekane kwenye vitabu. Kufikia mwisho wa muongo idadi ya watumishi ilikuwa imeshuka chini ya 270,000.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa majirani. Uganda ilikuwa na watumishi wa umma wapatao 320,000 mwaka 1990. Miaka sita baadaye walibaki karibu nusu. Kenya nayo katika miaka ya 90 ilianza kuwashawishi watumishi wa vyeo vya chini wastaafu mapema kwa hiari kwa malipo ya mkupuo, na makumi ya maelfu wakachukua.

Barua ya kupunguzwa iliandikwa kwa lugha ya upole. Ilimshukuru mtumishi kwa miaka yake, ikataja kiinua mgongo na nauli ya kumrudisha kwao pamoja na familia na mizigo. Hiyo nauli ndiyo iliyouma wengi. Kwao ni wapi, kwa dereva aliyetoka Songea mwaka 1968, akaoa mwanamke wa Tanga huko Temeke, na watoto wake hawajui lugha ya babu yao? Karatasi ilimhesabu kama mgeni wa mjini. Wapo waliopakia vitanda na makabati kwenye lori wakaenda, wakakuta shamba la baba limegawanywa miaka mingi. Wengi zaidi waliichukua fedha ya nauli wakaigeuza mtaji na kubaki, wakihama kutoka nyumba ya serikali hadi vyumba viwili vya kupanga.

Kiinua mgongo nacho kilikuwa na tabia yake. Kilikuja kwa mkupuo, kikubwa kuliko fedha yoyote ambayo mwenyewe alipata kuishika, na kikaja mara moja na habari zake: ndugu walijua, jirani walijua, muuza pikipiki alijua. Mwanamume aliyezoea miaka 20 kuletewa mshahara dirishani alitakiwa ndani ya mwezi mmoja awe mfanyabiashara. Baadhi walinunua mashine ya kusaga ikafia njiani kwa kukosa vipuri, au walifungua duka ambalo mkopo wa majirani ulilimaliza. Waliosimama imara, mara nyingi walikuwa wale ambao nyumbani kulikuwa tayari na mradi unaotembea. Fedha ya mume ilikwenda kuongeza karai la pili. Mke, ambaye dola ilimhesabu mwaka 1967 kama mkia wa mshahara wa mumewe, sasa alikuwa bosi, na mzee aliyewahi kuwa na mhuri mezani alionekana alfajiri amebeba gunia la mkaa.

Si kila nyumba iliyapokea mabadiliko hayo kwa amani. Zipo ndoa zilizovunjika kwa aibu tu.

Panga lilipita pia palipoonekana kusalimika. Ajira mpya zilisimamishwa mwaka 1993, na serikali ikaacha desturi ya kumpangia kazi kila mhitimu. Vyuo vya uuguzi viliendelea kutoa wauguzi, zahanati zikaendelea kukosa wauguzi, na hao hao wauguzi wakakaa nyumbani. Mwaka huo huo hospitali za serikali zikaanza kuwachangisha wagonjwa. Mtumishi aliyepunguzwa akapoteza mshahara, akapoteza nyumba, na mtoto wake alipougua alidaiwa fedha ya kadi. Bajeti ikipunguzwa wizarani, hela ile ile inadaiwa tena mlangoni pa mtu, vipande vipande: fedha ya daftari, fedha ya dawati, fedha ya glavu na sindano.

Benjamin Mkapa aliingia madarakani mwishoni mwa 1995 na kukuta wafadhili wamenuna kwa sababu ya misamaha ya kodi na hazina isiyo na kitu. Alifunga mkaja. Serikali ikaanza kutumia kile tu ilichokusanya mwezi uliotangulia, Mamlaka ya Mapato ikaanza kazi Julai 1996, na mfumuko wa bei, ule wa asilimia 30, ulishuka hadi chini ya asilimia 10 kabla ya muongo kwisha. Kwa mwenye mshahara hilo lilikuwa na maana kubwa; kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20 kilo ya sukari ya Desemba ilifanana bei na ya Januari. Mtaani, hata hivyo, fedha iliadimika, na watu wakatunga neno la hali hiyo kutokana na jina la rais wao: ukapa. Nimepigwa na ukapa, mtu alisema, na msikilizaji alijua kwamba hakuna cha kuazimwa.

Na nyuma ya wote hao, wazee. Watumishi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu wa reli na posta na bandari, waliachwa na mwajiri aliyevunjika mwaka 1977. Mgawo wa mali za Jumuiya hiyo ulisainiwa na nchi tatu mwaka 1984, lakini miaka ya 2000 wastaafu wa Tanzania walikuwa bado wakikusanyika Dar es Salaam na bahasha zao za plastiki zenye barua za ajira, wakidai mafao. Baadhi walikuja kwa fimbo, baadhi walikuja wajane badala ya waume.

Kilichoshuka polepole kuliko vyote, na ndicho kilichogharimu zaidi, kilikuwa shule. Baada ya kampeni ya elimu kwa wote ya miaka ya 70, karibu kila mtoto wa umri wa shule ya msingi aliandikishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kiwango cha uandikishaji kilikuwa kimekaribia asilimia 100. Katika muongo wa 90 kilishuka chini ya 80. Ada ya shule ya msingi ilikuwa ndogo kwa macho ya ofisa wa IMF kule Washington. Kwa nyumba iliyopunguziwa mshahara na yenye watoto watano, kila Januari ilimaanisha kuchagua nani aende, na mara nyingi aliyebaki alikuwa binti, kwa sababu mikono yake ilihitajika kwenye karai.

Mwaka 2001 ada hiyo ilifutwa. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, walizidi milioni 7 ilipofika 2004. Januari 2002 uandikishaji ulifurika: watoto wa miaka saba, wa miaka kumi, wengine wa miaka 13 wanaoanza darasa la kwanza, wamekaa chini sakafuni mpaka mlangoni, zaidi ya 100 kwa mwalimu mmoja. Walimu wapya walikuwa bado wanafundishwa vyuoni. Mshahara wa mwalimu aliyekuwepo ulikuwa umepandishwa kidogo, lakini bado ulikwisha kabla ya mwezi.

Mapumziko ya saa nne, ndoo moja haikutosha tena. Usiku uliofuata yule mama mwalimu alipima unga mara mbili ya siku zote, akamwamsha binti yake mkubwa aje kumsaidia kukanda.